Picha za zamani nikiziskani zinatoka na madoadoa na ukungu, nakosea wapi?

binti_sanduku

Habarini wakuu, naombeni msaada maana hii kazi imenishinda, wiki ya tatu sasa. Nimerithi sanduku la picha za familia, zile za karatasi zilizosafishwa studio enzi za mkanda, kwa hesabu ya haraka ziko kama mia tisa, chache ni nyeusi na nyeupe za miaka ya 60 na zilizobaki ni za rangi za miaka ya 70 na 80. Nyingine zimeshaanza kuwa nyekundu nyekundu, nyingine zimejikunja kama jani kavu, nikasema niziskani zote kabla hazijaharibika zaidi maana nyingi hazina negativi, ikipotea hiyo karatasi ndo basi tena.

Natumia printa ya nyumbani, ile yenye skana juu yake. Nimeweka 1200 dpi kwa sababu nilijua namba kubwa ndo ubora, na setingi zingine zote nimeziacha otomatiki. Sasa matokeo yake, picha moja inachukua dakika kadhaa, faili linakuwa zito mpaka kompyuta inagoma, halafu nikiikuza naona vidoa vyeupe na vinyuzi kila mahali kama imenyunyiziwa unga. Zile zilizojikunja zinatoka na ukungu katikati ila pembeni ziko safi. Na kuna picha ya bibi amesimama mlangoni na gauni jeusi, kwenye karatasi naona kabisa mikunjo ya gauni, lakini kwenye skani gauni lote limekuwa doa jeusi moja na uso umekuwa mweupe hauna hata mistari. Hiyo ndo imeniuma zaidi kwa sababu ni picha pekee ya bibi akiwa kijana.

Tatizo ni skana, ni mimi au ni picha zenyewe? Nitafute skana nyingine? Anayejua naomba anieleze taratibu, mi si mtaalamu.

Nukta600

Pole dada, na hongera kwa kuamua kuifanya hiyo kazi mapema. Ngoja nianze na hiyo 1200 maana hapo ndo watu wengi tunapotezea muda.

Dpi ni nukta ngapi skana inasoma kwenye kila inchi moja ya karatasi. Chukua picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15. Ukiiskani kwa 300 dpi unapata pikseli 1200 kwa 1800, yaani kama megapikseli 2, inatosha kuichapa tena kwa saizi ileile. Kwa 600 dpi unapata 2400 kwa 3600, zaidi ya megapikseli 8, hapo unaweza kuichapa mara mbili ya ukubwa wake kila upande na bado ikawa safi. Kwa 1200 dpi unapata 4800 kwa 7200, karibu megapikseli 35, na ukihifadhi TIFF (aina ya faili la picha lisilopoteza kitu) bila kubana ni MB 100 na ushee kwa picha moja. Zidisha kwa mia tisa uone.

Na hizo pikseli za ziada hazikuletei kitu. Picha ya karatasi iliyosafishwa studio yenyewe haina undani zaidi ya ule unaoupata kwenye 300 mpaka 600, ukipita hapo unaskani chembechembe za karatasi na vumbi. Fikiria kwamba kwa 1200 dpi pikseli moja ni kama 0.02 mm, unywele wa kichwani una unene wa karibu 0.07 mm, maana yake unywele mmoja tu uliolala kwenye kioo unachukua pikseli tatu nne kwa upana na unaonekana kama kamba. Ndo huo unga unaouona.

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua picha moja iliyo kali kweli, iskani 300, 600 na 1200, zifungue pamoja zikuze mpaka nyuso zilingane ukubwa, angalia kope. Kama 1200 haikuonyeshi kope ambazo 600 haikuzionyesha basi achana nayo.

Isipokuwa zile picha ndogo ndogo, paspoti na zile za kwenye vitambulisho. Hizo ipe 1200 kwa sababu ni ndogo kweli, ya sentimita 3.5 kwa 4.5 hata kwa 1200 unapata megapikseli 3 na nusu tu. Na negativi ni habari nyingine kabisa, zile zina undani mwingi kwenye eneo dogo, zinataka 2400 kwenda juu na skana yenye taa ya kupitisha mwanga kutoka upande wa pili. Ukipata negativi yoyote humo sandukuni iweke pembeni, ina thamani kuliko karatasi yake.

Jambo lingine, kwenye programu ukiona namba kubwa sana kama 9600 au 19200 ujue mara nyingi hiyo si macho ya skana, ni kompyuta inabuni pikseli za kujazia. Angalia kwenye maelezo ya mashine ile dpi ya lenzi yenyewe.

Mzee wa Vioo

Mwanangu, Nukta amekueleza vizuri habari ya namba. Mimi nakueleza habari ya usafi, kwa sababu nimeskani picha za watu miaka mingi na nakuhakikishia dakika moja ya kusafisha inakuokolea nusu saa ya kufuta vidoa kwenye kompyuta.

Kwanza jua vumbi liko wapi. Iskani picha, halafu izungushe robo mzunguko iweke tena palepale uiskani mara ya pili. Vidoa vilivyohama pamoja na picha viko kwenye picha. Vilivyobaki mahali pake viko kwenye kioo. Kama umeshafuta kioo na bado viko palepale, basi viko upande wa ndani wa kioo, huko usifungue mwenyewe kama hujui. Na ukiona mstari mmoja mwembamba ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho wa kila skani, huo si mkwaruzo wa picha, ni uchafu kwenye ile sehemu ya pembeni ambapo skana inajipima weupe kabla ya kuanza safari, futa kioo mpaka kwenye ukingo kabisa.

Kioo kifute kwa kitambaa cha maikrofaiba, kile cha miwani. Ukitumia dawa, ipulizie kwenye kitambaa, usipulizie kwenye kioo, maji yakipenya pembeni yanaingia ndani na ukungu wake hautoki. Subiri kikauke kabisa ndo uweke picha, picha ikikutana na kioo chenye unyevu inaganda hapo.

Picha yenyewe usiifute kwa kitambaa chenye maji, wala mate, wala shati. Ile rangi imekaa ndani ya tabaka la jelatini, na jelatini ikipata maji inavimba na kulainika, ukisugua inabanduka. Tumia ile pampu ndogo ya mpira ya kupulizia lenzi, halafu brashi laini ya manyoya, unapiga kwa wepesi kuelekea upande mmoja. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka hata kama huyaoni. Makopo ya hewa ya kubana nayo angalia, ukiyainamisha yanatema majimaji ya baridi juu ya picha.

Mikono ioshe ikauke, na ishike picha kwenye kingo. Alama ya kidole ikikaa miaka kwenye picha haitoki tena, utaona kwenye hizo zako za zamani, kuna mahali dole gumba la mtu limebaki mpaka leo.

Kuhusu ukungu katikati: skana nyingi za juu ya printa, na zile nyembamba za mezani, zina sensa (jicho la kusomea picha) inayokaa karibu sana na kioo, zinaona vizuri kile kinachogusa kioo tu. Picha ikinyanyuka milimita mbili tatu inapoteza ukali. Skana nene za zamani, zenye kioo cha ndani na lenzi, zinasamehe kidogo, ndo maana picha iliyojikunja inatoka vizuri huko. Kabla hujafikiria kutafuta nyingine, laza picha zilizojikunja katikati ya karatasi nyeupe safi, weka vitabu vizito juu, ziache siku kadhaa. Usiikunje upande wa pili ili inyooke, tabaka la juu linapasuka na mipasuko hiyo utaiona kama nywele nyeupe. Wakati wa kuskani weka kitabu juu ya kifuniko, kitabu kimoja, usiegemee kwa kiwiko.

kivuli_na_nuru

Hapa juu wamemaliza vumbi, mi naenda moja kwa moja kwa bibi na gauni lake kwa sababu hilo si vumbi wala dpi, hilo ni otomatiki.

Skana ikiwa otomatiki inatafuta sehemu nyeupe kuliko zote na nyeusi kuliko zote ndani ya eneo ulilochagua halafu inavuta kila kitu kati ya hizo mbili. Sasa picha zako za zamani zina kingo nyeupe na nyuma yake kuna kifuniko cheupe cha skana, kwa hiyo hesabu yake inaharibika, na juu ya hapo programu nyingi zinaongeza utofauti wa weusi na weupe ili picha ipendeze machoni haraka haraka, ndo gauni linazama na uso unaungua. Ukishaskani hivyo hakuna cha kurudisha, ile mikunjo ya gauni haimo kwenye faili kabisa, hata umpe fundi gani.

Fanya hivi. Ingia kwenye ile sura ya programu yenye setingi nyingi, si ile ya kubonyeza kitufe kimoja. Zima marekebisho ya rangi ya otomatiki, zima kunoa picha, zima kuondoa vumbi, zima kurudisha rangi zilizofifia. Zima kila kinachojidai kusaidia. Halafu fanya skani ya kuangalia, chora kisanduku ndani ya picha bila kuchukua ukingo mweupe, fungua ile grafu yenye vilima, inayoonyesha giza na mwanga viko kiasi gani kwenye picha. Kilima chote lazima kikae ndani, kisikatwe upande wa giza wala upande wa mwanga. Vuta alama ya weusi iache nafasi kidogo kabla kilima hakijaanza, na ya weupe vilevile. Mipaka ikishakaa sawa unaweza kukipanua kile kisanduku kikachukua ukingo wote. Skani itatoka imefifia fifia, haina mvuto, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kila kitu kimo humo na utakipandisha baadaye kwenye nakala.

Kama programu inaruhusu biti 48 kwa rangi, au 16 kwa nyeusi na nyeupe, yaani ngazi nyingi zaidi za rangi na kijivu, tumia hiyo kwa picha zilizofifia sana. Ukizivuta rangi baadaye hazitapasuka kuwa mistari mistari angani. Kama programu iliyokuja na printa haikupi hayo yote kuna VueScan, inafanya kazi na skana nyingi sana hata za zamani, na ina namna ya kuhifadhi data ghafi kama ilivyotoka kwenye sensa.

Na naomba nisisitize kuhusu kile kitufe cha kuondoa vumbi. Kwenye negativi za rangi kuna skana zinatumia taa ya infraredi kutambua vumbi, hiyo ni kazi safi kabisa. Ila kwenye picha za karatasi mara nyingi ni programu tu inabahatisha, inatafuta kinukta cheupe chochote ikipake rangi ya jirani. Niliskani picha ya harusi ya wazazi wangu nikaiacha imewashwa, baadaye ndo nikaja kuona mama ana macho ya ajabu, yamekufa. Kile kinukta cha nuru kilichomo ndani ya mboni ya jicho kilikuwa kimefutwa, na vidoti vya lesi kwenye shela vimeondoka nusu. Karatasi ninayo bado kwa bahati nzuri, nilirudia.

binti_sanduku

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Mzee wangu shikamoo, nimefanya lile jaribio la kuzungusha na kweli nusu ya vidoa vilikuwa kwenye kioo, kulikuwa na alama ya mkono mzima ambayo kwa macho huioni mpaka uinamishe kichwa upande wa taa. Nimejaribu 300, 600 na 1200 kama Nukta alivyosema, 300 na 600 naona tofauti ndogo kwenye nywele, 600 na 1200 sioni kitu. Nimeshuka 600.

Na bibi, nimezima kila kitu kama kivuli_na_nuru alivyosema nikaskani upya. Gauni lina mikunjo, na mkononi ameshika kitu ambacho hata kwenye karatasi sikuwahi kukitambua, ni funguo. Nimekaa nimeiangalia muda mrefu.

Nimebaki na maswali matatu. Moja, nyeusi na nyeupe niziskani kwa setingi ya nyeusi na nyeupe? Mbili, kuna picha nyingi za rangi zina uso wenye vijipele kama kitambaa, hizo zikiskaniwa zinatoka na vitundu vyeupe kama wavu, nimefuta vumbi lakini haviondoki. Tatu, kuna albamu moja ya kurasa za gundi yenye nailoni juu, picha hazitoki.

mama_albamu

Hujambo mwanangu, hayo maswali matatu yote yamenipitia mkononi.

Nyeusi na nyeupe iskani kwa rangi. Najua inaonekana haina maana ila ukishaskani kwa rangi unakuwa na picha tatu ndani ya moja, nyekundu, kijani na bluu. Madoa ya uzee kwenye karatasi mengi ni ya njano na kahawia, hayo yanaonekana meusi sana kwenye bluu na karibu hayaonekani kwenye nyekundu. Fungua kwenye GIMP, ile programu ya bure ya kurekebisha picha, tenganisha rangi tatu, angalia ile nyekundu peke yake, utaona doa la chai lililokuwa limefunika shavu limepungua au limeondoka kabisa bila wewe kugusa pikseli hata moja. Kama kuna maandishi ya kalamu ya bluu juu ya picha, hapo itakuwa ile ya bluu ndo inayaficha, kwa hiyo zipitie zote tatu. Na ile hudhurungi ya picha za zamani ni sehemu ya picha, usiitupe kwenye faili la asili.

Zile za vijipele zilipendwa sana miaka ya 70, uso wake haukuonyesha alama za vidole. Shida yake ni kwamba mwanga wa skana unatoka upande mmoja, kila kipele kinang'aa upande mmoja na kutupa kivuli upande wa pili. Hakuna kitambaa kitakachoondoa hiyo. Mimi nafanya hivi, naskani mara moja, naigeuza picha kichwa chini miguu juu, naskani tena kwa setingi zilezile bila kubadili chochote, halafu kwenye kompyuta nazungusha ile ya pili inyooke naiweka juu ya ya kwanza. Sasa kile kipele kilichong'aa kulia kwenye moja, kwenye nyingine kimeng'aa kushoto. Unachagua namna ya kuchanganya inayobakiza pikseli yenye giza kati ya hizo mbili na ule wavu unafifia, au unaiweka ya juu nusu uwazi ukitaka matokeo laini. Kazi ni kuzilinganisha, zisipokaa sawasawa unapata ukungu, kwa hiyo kuza sana, linganisha jicho na jicho, halafu nenda pembe ya mbali uangalie kama napo pamekaa. Inachukua muda, mi nafanya kwa picha ninazozipenda tu.

Albamu ya gundi usivute. Nasema tena usivute kwa sababu niliwahi kuvuta na sura ya mtu ikabaki kwenye ukurasa. Fungua nailoni taratibu, kwanza skani au piga picha ukurasa mzima kama ulivyo, ukiharibika angalau una hiyo. Halafu chukua uzi wa meno, usio na nta wala ladha, upitishe nyuma ya kona, uvute huku na huku kama msumeno ukiwa umeubana karibu na ukurasa si karibu na picha. Inayogoma iache. Skani na ukurasa wake.

Na skani migongo. Kila picha yenye maandishi nyuma, hata namba tu, hata muhuri wa studio. Mimi mgongo naupa jina lilelile la faili na herufi b mwishoni. Ukiona maandishi ya nyuma yanajitokeza mbele kwenye skani, weka karatasi nyeusi nyuma ya picha, kifuniko cheupe ndo kinachorudisha mwanga.

jicho_la_simu

Naona hamjamwambia kuhusu simu. Mia tisa kwa skana ya printa, na kila moja inafutwa inapimwa, anamaliza lini? Kamera ya simu nzuri kwenye mwanga mzuri inatoa kazi inayoonekana, na kuna programu ya Google inaitwa PhotoScan, imetoka 2016, inapiga picha kadhaa kutoka pembe tofauti halafu inaziunganisha kuondoa mng'ao. Mi nilimaliza albamu sita kwa siku mbili.

kivuli_na_nuru

Mkuu jicho hujakosea, kwa kutambua nani yuko kwenye picha gani na kuwatumia ndugu, simu inatosha na inamsaidia kuchagua zipi za kuskani kwa makini. Mi ningemshauri aanze hivyo kabisa, apitie zote kwa simu kwanza. Ila si kwa bibi. Simu inanoa yenyewe, inalainisha ngozi yenyewe, inang'arisha yenyewe, yaani ni ile otomatiki tuliyomwambia azime, na kwenye simu nyingi huwezi kuizima yote.

Akitumia simu, picha ilale mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, flashi izimwe. Simu iwe sambamba na picha kabisa, ukiona upande wa juu mwembamba kuliko wa chini umeinamisha. Rudi nyuma kidogo utumie ile lenzi ya mara mbili, kwa karibu sana lenzi ya kawaida inapinda kingo na simu yenyewe inatupa kivuli.

Nukta600

Naongezea la faili maana halijasemwa. Skani ya kwanza ihifadhi TIFF, ibane kwa LZW haipotezi kitu, usiiguse tena. Kila marekebisho fanya kwenye nakala. JPEG kila ukiifungua ukairekebisha ukaihifadhi inapoteza kidogo, na hicho kidogo kinajumlika.

mama_albamu

Hapo Nukta nitatofautiana nawe kidogo. Kwa mia tisa zote TIFF ya biti 48 ni MB 50 kila moja, ni mzigo, na nimeona watu wanaishia njiani kwa sababu diski imejaa. JPEG ya ubora wa juu kabisa, ambayo haihifadhiwi tena juu yake, kwa picha ya kawaida ya watu wamekaa kwenye kochi inatosha. TIFF awape wale wa pekee, bibi, za miaka ya 60, na zilizofifia ambazo atazifanyia kazi ya rangi.

Nukta600

Nakubali mama, mradi JPEG ya asili isiguswe. Na nakala ziwe sehemu tatu, moja kati ya hizo isikae nyumba moja na zingine. Binti, ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na ndugu watabaki na ile iliyobanwa wakidhani ndo yenyewe.

binti_sanduku

Nimeelewa, nitafanya kama mama alivyosema, TIFF kwa zile arobaini za pekee na JPEG kwa zilizobaki. Ule ujanja wa rangi nyekundu umenishangaza, kuna picha ya babu ilikuwa na doa la kahawia toka kola mpaka sikioni, sasa ni kivuli tu.

Zile nyekundu nyekundu nizifanyeje? Na kuna moja ya mwisho inanitisha, ilikuwa kwenye fremu ukutani, picha imegandana na kioo. Ukiiangalia kwa pembeni unaona sehemu zilizoshika zinang'aa kama zimeloa. Niiweke kwenye maji itoke?

Mzee wa Vioo

Usiweke kwenye maji mwanangu, na usivute. Ile jelatini ilipata unyevu ikashika kioo, kwa sasa kioo na picha ni kitu kimoja. Wahifadhi wa makumbusho wenyewe wanaisogelea kwa woga. Iache kwenye kioo chake, funika nyuma kwa karatasi isiyo na asidi, isije ikakaa juani wala penye unyevu.

Kuiskani, skana yako haitaweza, kioo cha fremu kinaiweka picha mbali milimita mbili tatu, utapata ukungu uleule wa zile zilizojikunja. Hapa ndipo simu au kamera inapoishinda skana. Futa kioo upande wa nje tu, kwa kitambaa kikavu. Laza fremu mezani au isimamishe wima, weka taa mbili za aina moja, moja kulia moja kushoto, kila moja kwa nyuzi 45, zima taa zingine zote chumbani. Kamera iwe kwenye tripodi katikati, sambamba. Halafu chukua karatasi ngumu nyeusi, kubwa, itoboe tundu la lenzi katikati, ivishe mbele ya kamera, kwa sababu kitakachojionyesha kwenye kioo ni wewe na shati lako na kamera yako, na ukiweka weusi hapo kioo hakina cha kurudisha. Tumia saa ya kuhesabu ya kamera usiiguse wakati inapiga. Zile sehemu zilizoshika zitabaki na rangi tofauti kidogo na zisizoshika, hilo utalipunguza baadaye kwenye nakala.

Za wekundu, ni ile rangi ya samawati ndani ya karatasi imekufa kabla ya wenzake, hata gizani inakufa. Usitumie kitufe kimoja. Fungua grafu ya kila rangi peke yake, nyekundu, kijani, bluu, na kwa kila moja vuta alama ya weusi na ya weupe mpaka zinapoanzia vilima vyake. Utaona nyasi zinarudi kuwa nyasi. Kisha tafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe au kijivu, kola ya shati, ukuta, uone kama kweli kimekuwa kijivu.

binti_sanduku

Nimerudi. Imenichukua jioni mbili. Taa mbili za mezani, karatasi nyeusi yenye tundu, chumba giza. Mara ya kwanza nilijiona mkono kwenye kioo nikagundua tundu ni kubwa mno, nikatengeneza lingine la saizi ya lenzi kabisa. Mara ya nne ikatoka.

Ni picha ya baba na kaka zake watatu wamesimama mbele ya baiskeli. Sehemu zilizoshika kioo zinaonekana kama mawingu upande wa juu lakini nyuso zote nne ni safi, kwenye mfuko wa baba naona kalamu mbili, na kwenye kengele ya baiskeli kuna umbo dogo jeusi limejikunja na anga nyuma yake. Nimekuza mpaka mwisho. Ni mpiga picha, amesimama ameinamisha kichwa juu ya kamera.

Fremu nimeirudisha kwenye boksi na karatasi mpya nyuma. Kesho naanza na zile nyekundu, zipo mia mbili na kumi.